Njia Hii Inatokea Wapi?

Siku Coastal Union, timu ya soka ya hapa Tanga, inapocheza nyumbani, umati unaotoka uwanja wa Mkwakwani hauchukui muda kuisha. Kipyenga cha mwisho kikilia, watu wanajaa getini, wengine wameegemea baiskeli zao wakibishana juu ya penalti, na baada ya muda mfupi hawapo tena. Hawakupanda magari, wamemezwa na barabara za Ngamiani, ambazo huitwa kwa namba. Huyu kakata barabara ya 8, yule kafuata ya 12 mpaka kona ya pili ndipo akapinda, wengine wamenyoosha kuelekea Makorora na Msambweni. Kila baada ya hatua chache kuna njia panda, na kila njia panda inachukua watu wake.

Umati huohuo upeleke kwenye mitaa ya pembezoni, kule mji ulikokimbilia miaka ya karibuni, upande wa Kange, upande wa Maweni, njia ya kwenda Pangani. Barabara moja ya vumbi inaingia kutoka barabara kuu, inatoa vijia kulia na kushoto, na kila kijia kinaishia kwenye ukuta wa mtu. Watu wale wangebanana pale mdomoni hadi adhana ya magharibi.

Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Tanga. Nilizaliwa Ngamiani, sasa naishi upande wa Kange, kwa hiyo miji yote miwili naijua kwa miguu. Nasema miji miwili kwa sababu ndivyo ilivyo: mmoja unakupitisha, mwingine unakurudisha. Ninalotaka kusema linaniuma kila nikiona barabara mpya inazinduliwa. Tunahesabu kilomita za lami, hatuhesabu makutano. Lami ikikosekana leo itawekwa kesho. Makutano yakikosekana leo, kesho pale pana nyumba ya mtu, kisima chake, labda na kaburi la mzazi wake.

Wanafunzi wangu huwa naanza nao kwa karatasi na penseli. Chora nukta 20, safu 4 zenye nukta 5 kila moja. Kila nukta ni njia panda. Ziunganishe zote na jirani zao, kwa mlalo na kwa wima, utapata vipande 31 vya barabara. Kisha chora nukta zilezile upya, lakini safari hii unganisha kwa ubahili, ilimradi kila nukta ifikike. Vipande 19 vinatosha. Mchoro wa kwanza ni wavu, wa pili ni mti: shina moja, matawi, na ncha za matawi zisizokwenda popote. Umeokoa vipande 12, na anayeuza viwanja atakushukuru, maana kila kipande cha barabara ni ardhi ambayo hakuiuza.

Halafu simama kwenye kona moja ya wavu, utake kufika kona inayoikabili kwa mshazari bila kurudi nyuma. Kuna njia 35 za kufika, na zote zina urefu sawa. Kwenye mti ipo moja tu, na mara nyingi ni ndefu zaidi. Wavu ukikatika uzi mmoja, unapita kwingine. Mti ukikatika tawi, kila kilichokuwa mbele ya pale kimetengwa. Wataalamu wa usafiri hugawanya idadi ya vipande kwa idadi ya makutano. Wavu wetu mdogo unatoa 1.55 na mti unatoa 0.95, na mtandao ulioungana wote ukishuka chini ya 1 ujue hauna mzunguko hata mmoja ndani yake. Hakuna kitabu cha mipangomiji kinachohitajika kufanya hesabu hii, inatosha kuwa na macho na subira ya kutembea.

Kipimo kingine ni makutano kwa kilomita ya mraba. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, hushauri makutano 100 hivi katika kila kilomita ya mraba, na theluthi moja pungufu kidogo ya ardhi, yaani asilimia 30, iwe ya barabara. Namba hizi zinaweza kuonekana zimetoka angani, lakini jaribu mwenyewe. Ukigawa kilomita moja ya mraba kwa barabara zinazopishana kila mita 100, unapata makutano 100 na kilomita 20 za barabara. Zipe barabara hizo upana wa mita 15 kwa wastani, zitakula asilimia 28 hivi ya ardhi. Ukizitenganisha kwa mita 200, makutano yanashuka hadi 25. Umbali kati ya barabara umeongezeka mara mbili tu, lakini makutano yamepungua mara nne. Hapo ndipo wanafunzi hunyanyua vichwa.

Ngamiani haikuchorwa kwa mapenzi. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi: Wazungu upande wa bahari kuelekea Raskazone, Wahindi katikati penye maduka, Waafrika ng'ambo ya reli. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 kutoka bandarini, ikafika Moshi mwaka 1911, na hadi leo inapita kati ya mjini na Ngamiani, na ya kuivukia ni sehemu chache. Mitaa iliyonyooka ilimfaa mtawala. Nyumba zilihesabika kirahisi, kodi ilikusanyika, mtu hakujificha. Hayo yote nayajua na siyapambi. Lakini watu waliohamia ndani ya mistari ile waliifanya kitu kingine kabisa. Walijenga nyumba za Kiswahili zenye baraza mbele, wakaweka duka kwenye kona, msikiti kwenye kona nyingine, na kwa kuwa kila barabara ilitokea mahali, kila baraza lilipitiwa. Mama muuza maandazi aliyekaa njia panda alipata wateja kutoka pande nne. Akihamia katikati ya barabara anabaki na pande mbili. Kwenye kijia kilichoziba atauzia watu wa nyumba sita, nao wana maandazi yao.

Mtu asidhani kwamba nasifu mistari iliyonyooka. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja, si rahisi kukuta kichochoro kilichonyooka hata mita mia, lakini vichochoro vile vinatokea. Unapotea, unapinda, unakuta umerudi ulikoanza au umefika baharini. Mji ule haukuhitaji rula ili watu wake wafikiane. Na kuna mitaa iliyopimwa kwa vyombo vya kisasa, kila bikoni, yaani jiwe la mpaka, mahali pake, ambayo ukiingia huna budi utoke ulikoingilia.

Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Sensa ya 2012 ilikuta watu 273,000 na ushee, ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 393,000. Hao laki moja na ishirini elfu walioongezeka katika miaka kumi hawakuingia Ngamiani, kule kulishajaa zamani. Waliingia kwenye minazi, mihogo, mapori, na viunga ambavyo wazee wetu waliviita shamba. Stendi ya mabasi ya mikoani nayo ilitoka katikati ikaenda Kange, na palipo na stendi nyumba hufuata.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuseme kuna mashamba mawili yanayopakana, kila moja la ekari tano au sita. Mpakani pana mstari wa minyaa, au miembe miwili mikubwa ambayo kila mtu anajua ndiyo mwisho wa huyu na mwanzo wa yule. Mzee wa kwanza ana shida ya fedha, binti anaolewa au mtoto amefaulu kwenda chuo. Anaita dalali, wanapima kwa hatua au kwa kamba, mita 20 kwa 25. Ili viwanja vya nyuma viuzike lazima vifikike, basi wanaacha kijia katikati ya shamba, mita 3 au 4, kutoka barabarani hadi kiwanja cha mwisho. Kijia kinasimama kwenye minyaa. Kwa nini kiendelee? Ng'ambo ni shamba la mtu mwingine. Miaka inapita, mzee wa pili naye anauza. Barabara anayoitegemea yeye iko upande wake mwingine, basi naye anaanzia kule, anakuja na kijia chake mpaka kwenye minyaa ileile, lakini hakikutani na cha mwenzake, kimepishana nacho kwa upana wa viwanja viwili. Wanunuzi wanajenga. Minyaa inang'olewa, unajengwa ukuta wa tofali za saruji.

Hakuna aliyekosea hapo. Mzee wa kwanza alitaka karo, mnunuzi alitaka kiwanja kinachofikika akakipata, dalali alitaka asilimia yake. Mwenyekiti wa mtaa aliweka muhuri kwenye hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, akashuhudia mauzo halali. Kila mmoja alihitaji njia ya kutoka, na hakuna aliyehitaji njia ya kupita. Wa kupita ni mimi na wewe, ambao siku ile hatukuwepo mezani. Hivyo mipaka ya mashamba ya mihogo ya babu zetu imegeuka kuta za mji, na mtoto anayesoma shule iliyo nyuma ya nyumba yao anazunguka hadi barabara kuu, anatembea pembeni ya malori, anaingia tena ndani. Anamsikia mwalimu akipiga kengele akiwa bado sebuleni kwao, na bado anachelewa.

Mitaa iliyopimwa rasmi ina ugonjwa wake. Mradi wa viwanja una ramani yake, na ndani ya ramani mambo yamenyooka. Barabara zinafika ukingoni zikiwa na upana mzuri, mchoraji ameziacha wazi ili siku moja ziendelee. Lakini ng'ambo ya ukingo ule hakuna aliyeambiwa. Mradi wa jirani unapokuja miaka mingi baadaye unakuta watu wameshajenga kwenye mdomo wa barabara ile, au ramani yake imepangwa kwa mwelekeo mwingine. Hapa kwetu ongeza na maumbile: mito ya Mkulumuzi na Sigi inayoingia ghubani, mikoko, na reli. Chongoleani iko ng'ambo ya ghuba, lakini kwa barabara lazima uzunguke kwa Amboni. Mahali pa namna hiyo, penye vivuko vichache, kila kiungo kidogo kinachowezekana kina thamani mara mbili.

Wengine hudhani hili ni suala la kupoteza dakika chache tu. Mvua za masika zikija vizuri, kalavati moja kwenye mdomo wa mtaa likisombwa, mtaa mzima umefungiwa. Bodaboda zinaishia barabara kuu, wajawazito wanabebwa. Mabomba ya maji hufuata barabara, na barabara isipozunguka na bomba halizunguki. Likipasuka mahali, wote walio mbele ya pale wamekauka, kwa kuwa maji hayana upande wa pili wa kuwafikia. Gari la zimamoto haligeuki kwenye kijia cha mita tatu. Daladala haziingii kwa sababu hazina pa kuzungukia, zinabaki kwenye barabara kuu, na barabara kuu inalemewa na magari ambayo wavu ungeyagawa. Halafu tunasema jiji limekuwa na foleni, tuongeze njia.

Lipo pia la msiba. Kwetu pwani maiti hubebwa mabegani hadi makaburini, watu wanapokezana jeneza hatua kwa hatua, kila mmoja apate fungu lake la thawabu. Nimefuata jeneza lililolazimika kuinamishwa kupita kona ya ukuta, wanaume wakiambiana taratibu, taratibu, mzee wetu amelala humo. Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba ile, umbali wa kurusha jiwe. Tulizunguka. Mjane alikuwa amesimama uani, akatuona tukipita upande mmoja, na baada ya muda mrefu akatuona tunaibuka upande wa pili. Kama kuna hoja ya mipangomiji iliyonigusa kuliko zote, ni ile.

Sisi si wa pekee. Christopher Barrington-Leigh wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, na Adam Millard-Ball wa Marekani walichukua ramani za OpenStreetMap, zile ambazo mtu yeyote anaweza kuzichora na kuzisahihisha, wakaangalia namna barabara mpya zilivyokuwa zikiungana, au zisivyoungana, dunia nzima tangu mwaka 1975. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2020 yanaonyesha kwamba sehemu nyingi za dunia zinajenga mitaa iliyotengana zaidi kuliko ile ya zamani. Kabla ya hapo, mwaka 2015, walionyesha kwamba Marekani ilifika kilele cha kujenga barabara zisizotokea upande wa pili katikati ya miaka ya 1990, kisha ikaanza kugeuka taratibu. Kugeuka huko kunahusu mitaa mipya. Ile iliyokwisha kujengwa imebaki hivyohivyo, na watu wake wanaendesha gari kwenda kununua mkate.

Zipo nchi ambazo zimeendelea kuwa na wavu mzuri hata miji ikikua, kama Argentina na Peru. Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania alitoa sheria mwaka 1573 za namna ya kupanga miji katika makoloni yake, nchi hizo mbili zikiwemo: uwanja katikati, barabara zinyooke kutoka kwake. Ukoloni ni ukoloni, siutetei. Ninachokiona pale ni kwamba mtindo uliowekwa mwanzo uliendelea kuwa mazoea ya mpimaji, ya sheria, na ya mnunuzi. Anayenunua kiwanja pembezoni mwa Buenos Aires anatarajia kona yake iko mita mia hivi. Akinunua kwetu, anachouliza ni kama gari litafika.

Barabara zina maisha marefu kuliko majengo. London iliungua mwaka 1666, mitaa kwa mitaa ikawa majivu, na mbunifu wa majengo Christopher Wren akapeleka kwa mfalme ramani nzuri ya mji mpya wenye barabara pana. Haikutekelezwa. Wenye viwanja walirudi kwenye mipaka yao, na mji ukainuka juu ya vichochoro vilevile, baadhi vikapanuliwa tu. Kama moto haukuweza kubadili mitaa ya London, sioni greda litakaloibadili ya kwetu miaka hamsini ijayo.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ina haki yake. Jirani yangu, mama mwenye watoto wadogo, aliniambia waziwazi: "Mwalimu, mimi nataka pazibe. Pakifunguliwa hapa bodaboda watapita mbio, wezi watapata pa kukimbilia. Sasa hivi mgeni akiingia tunamjua." Hana kosa. Nchini Marekani, mtaa wa Radburn uliojengwa New Jersey mwaka 1929 ulipangwa kwa makusudi uwe na vijia visivyotokea, ili watoto wacheze mbali na magari. Lakini waliochora Radburn waliacha njia za miguu nyuma ya nyumba, zinazounganisha kijia kimoja na kingine na bustani na shule. Walioiga baadaye wakachukua kuziba, wakaacha njia za miguu. Hilo ndilo nililomjibu mama yule: gari si lazima lipite kila mahali. Weka nguzo mbili za zege, ziache nafasi ya mita moja na nusu, apite mtoto, baiskeli, mkokoteni wa maji, machela. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani, wazee wetu walikwenda viwandani na bandarini kwa baiskeli. Njia ya mita tatu inawafaa wengi hapa kuliko barabara ya mita kumi na tano iliyo mbali.

Na wezi? Mtaa unaopitiwa na watu una macho. Naamini hivyo kwa kuwa nimekulia kwenye baraza la barabara ya namba, ambako bibi zetu walijua kila aliyepita na anakwenda kwa nani.

Sasa tuko kwenye urasimishaji. Mtaa unajipima baada ya kujengwa, wakazi wanachangia gharama, kampuni ya upimaji inaleta ramani, kila mtu anatarajia hati. Ni jambo jema, hati inampa mtu usingizi. Lakini nimehudhuria vikao vile, na najua pale vinapokwama. Mpimaji anafungua ramani, anaonyesha mahali ambapo vijia viwili vinaweza kukutana kama nyumba mbili zitatoa mita mbili mbili. Mzee mmoja anasimama, anavua kofia. "Mwenyekiti, mimi barabara sikatai. Nakataa choo changu kubomolewa." Mwenzake anadakia: "Nilinunua ishirini kwa ishirini na tano. Nikitoa tatu nabaki na nini? Atanilipa nani?" Kimya. Hakuna fungu la fidia, na ramani inarekebishwa ili kufuata kuta zilipo. Vijia vinabaki vimeziba, safari hii kwa muhuri na saini. Kilichokuwa bahati mbaya kinakuwa sheria.

Nafahamu kwa nini inakuwa hivyo, na bado nasema tusikubali upesi. Kuunganisha mtaa uliojengwa hakuhitaji kufungua kila kijia. Rudi kwenye ule mchoro wa nukta 20. Mti ulikuwa na vipande 19. Ongeza kimoja tu mahali pazuri, kiunganishe ncha mbili za matawi yaliyo mbali, na tayari una mzunguko mmoja: pakiziba upande huu, unatokea upande ule. Ongeza vitatu, mtaa umebadilika tabia. Kipande cha kwanza ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote vinavyofuata. Kwa hiyo kikao kisiulizwe kama watu wanakubali barabara. Kiulizwe ni ukuta upi mmoja, ukikatwa, utawafaa wengi zaidi, kisha wakazi wote wachange kumlipa yule mmoja. Watu wanaochangia msiba, harusi na mnara wa msikiti hawawezi kushindwa kuchangia mita mbili za ardhi, ili mradi waelezwe wanachonunua.

Ila mahali ambapo bado kuna minyaa ndipo pa kuharakisha. Barabara ya Tanga kwenda Pangani inawekwa lami, nayo ni sehemu ya njia ya pwani itakayofika Saadani na Bagamoyo. Mwambani na Tongoni ardhi inauzwa. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na tangu habari zake zilipofika, madalali hawakulala. Huko kote mashamba bado ni mashamba. Bado unaweza kusimama mpakani, upande huu mnazi, upande ule mnazi, na kusema hapa papite njia, bila kumbomolea mtu hata jiko.

Sisubiri ramani kuu ya jiji ifanye kazi hiyo peke yake. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ipo, maofisa wapo, na jiji ni kubwa kuliko watu wao. Anayejua kwamba shamba linauzwa wiki hii ni mwenyekiti wa mtaa na mjumbe. Muhuri ule wa mauziano uko mikononi mwao. Ninachopendekeza, na nimekipeleka kwa maandishi kwenye ofisi ya mtaa wetu, ni sharti moja: hati ya mauziano isigongwe muhuri mpaka muuzaji aonyeshe mahali ambapo kijia chake kitagusa mpaka wa jirani, na alama iwekwe pale, hata jiwe lililopakwa chokaa, pasijengwe. Jirani naye siku akiuza, aanzie kwenye jiwe hilo. Ofisi iwe na daftari moja kubwa la michoro, liwekwe wazi, mtu aje aangalie kabla ya kulipa. Alama ziwepo kila mita 100 au 150 za mpaka, upana usipungue mita 4, na ukiwezekana 6.

Nilipowaambia wanafunzi wa kidato cha tatu, mmoja aliuliza itakuwaje kama jirani hatauza kamwe. Nikamwambia jiwe litakaa, halili. Mwingine, anayeishi karibu na njia ya Pangani, alisema mjomba wake anakata shamba mwezi ujao, na mpaka sasa hakuna aliyechora chochote. Jumamosi tunakwenda kumwona, tukiwa na kamba, chokaa, na mwenyekiti wa mtaa wao ambaye ameshakubali kuja. Shamba linapakana na majirani watatu. Wawili wamesema hawana neno. Wa tatu anaishi Muheza, na simu yake tumepewa.